Viza, Idhini na Kibali: Lugha ya Msafiri Mbele ya Afisa wa Pasipoti

Makala haya yananuia kuchunguza fungu dogo la maneno ya Kiswahili yanayotumika, au yanayofasiriwa, pale msafiri anaposimama mbele ya afisa wa pasipoti katika uwanja wa ndege. Huenda msomaji akadhani kwamba jambo hili ni la Idara ya Uhamiaji na halina nafasi katika jarida la lugha. Sikubaliani na dhana hiyo. Mazungumzo ya mahali hapo ni mafupi mno, na maswali yake ni machache: umekuja kufanya nini, utakaa muda gani, utakaa wapi, nani anakupokea. Hata hivyo uzito wake unapita ule wa mazungumzo mengi ya kawaida, kwa kuwa neno moja likieleweka visivyo laweza kumrudisha mtu alikotoka, tikiti imeshalipwa na nafasi ya masomo au ya kuuguza jamaa imepotea. Sisi wanazuoni tumeandika mengi juu ya istilahi za isimu na za fasihi. Za mlango huu tumewaachia makarani na wakalimani wajitafutie.

Hoja nitakayoitetea ni kwamba Kiswahili kina maneno ya kutosha ya kubainisha mambo ambayo sheria za kuingia nchini huyabainisha, ila tumezoea kuyatumia maneno hayo kana kwamba ni mamoja. Tatizo basi si upungufu wa msamiati. Ni ulegevu wa matumizi, na ulegevu huo una gharama.

Viza na maana yake

Tuanze na neno lenyewe viza. Limetujia kwa njia ya Kiingereza, nacho kililipata kutoka Kifaransa, na asili yake ni Kilatini, charta visa, yaani "karatasi iliyoonwa". Mwakilishi wa nchi aliitazama hati ya msafiri, na asipoona kasoro akaitia alama kuonyesha kuwa ameiona. Tutaona kwamba maana hii ya kale ingali imo katika sheria za leo. Ukimwuliza mtu barabarani viza ni nini, yaelekea atakujibu kwamba ni "ruhusa ya kuingia nchi ya watu". Jibu hilo ndilo chanzo cha mashaka mengi, kwani katika nchi nyingi viza si ruhusa ya kuingia.

Kanuni ya Viza ya Umoja wa Ulaya, iliyopitishwa mwaka 2009, inaeleza bayana katika kifungu chake cha 30 kwamba kuwa na viza peke yake hakumpi mtu haki ya kuingia moja kwa moja. Afisa wa mpakani bado anaweza kumtaka msafiri aonyeshe anakofikia, fedha za kujikimu, na sababu ya safari. Marekani nako, viza humruhusu mtu kusafiri hadi mlango wa nchi na kuomba kuingizwa. Mwenye kuamua ni afisa aliyeko hapo. Afisa huyo pia ndiye anayepanga siku za mgeni, na tarehe anayoiandika katika kumbukumbu ya kuingia haina uhusiano wa lazima na tarehe ya mwisho iliyoandikwa katika viza. Mtalii ambaye viza yake inakwisha kesho aweza kuingia leo na kupewa miezi sita. Kinyume chake ndicho hatari zaidi: mtu mwenye viza ya miaka mingi hudhani amepewa miaka hiyo ya kukaa, ilhali amepewa miaka hiyo ya kubisha mlango tu. Uingereza ina utaratibu wake, ambapo viza iliyotolewa kabla ya safari yaweza yenyewe kuwa ndiyo ruhusa ya kuingia. Lakini hata huko afisa ana uwezo wa kuifuta pale pale akiona kwamba hali imebadilika au kwamba alidanganywa.

Kwa mtu aliyelelewa katika adabu za pwani jambo hili si geni hata kidogo. Mgeni hufika mlangoni akapiga hodi. Kufika kwake mlangoni si kosa, pengine hata alialikwa. Lakini haingii mpaka mwenye nyumba aitikie "karibu", na asipoitikiwa mara ya tatu hurudi zake bila kununa. Viza ni ruhusa ya kuja kupiga hodi. "Karibu" husemwa na yule aliyeketi nyuma ya kioo. (Katika viwanja kadha vya ndege vya Afrika Mashariki neno karibu limeandikwa kwa herufi kubwa ukutani, juu ya foleni yenyewe, kabla ya mtu yeyote kuulizwa jambo lolote. Ni ukarimu mzuri, ingawa kwa mtazamo wa istilahi umetangulia.)

Tukishaukubali upambanuzi huu, tunahitaji maneno matatu, na tunayo. La kwanza ni hati, kwa maana ya kile kinachothibitisha mtu ni nani: pasipoti, au hati ya kusafiria kama wengi wasemavyo Tanzania. La pili ni idhini, nalo lifae kwa ile ruhusa ya kuanza safari. Mfano ulio karibu nasi ni wa Kenya yenyewe, ambayo tangu Januari 2024 iliacha kuwatoza wageni viza na badala yake ikaweka idhini ya safari inayoombwa kwa njia ya kielektroniki kabla ya kuondoka, raia wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki wakisamehewa sharti hilo. Magazeti yaliandika kwamba Kenya imeondoa viza. Wasomaji wengine wakafahamu kwamba hakuna tena kinachotakiwa. Waliosafiri kwa fahamu hiyo walikwama mbele ya karani wa shirika la ndege huko walikotoka, wala hawakufika Nairobi.

La tatu ni kibali. Neno hili napendekeza tulihifadhi kwa uamuzi wa afisa wa mpakani. Sababu yangu ni ya kilugha. Ruhusa na idhini zote zina asili ya Kiarabu na maana ya kuachiliwa kutenda jambo. Kibali limetokana na shina lile lile lililotupa kukubali, na katika lugha ya fasihi bado lina maana ya kupendeza machoni pa mtu, kama tusemapo fulani amepata kibali mbele ya wazee. Idhini yaweza kutolewa na mtu asiyekuona. Kibali hutolewa uso kwa uso.

Hapana budi niongeze kwamba mlango wa kwanza wa nchi ya kigeni siku hizi hauko katika nchi hiyo. Uko kwenye kaunta ya shirika la ndege. Kwa mujibu wa Kiambatisho cha 9 cha Mkataba wa Chicago wa 1944, shirika linalompeleka abiria asiyekubalika ndilo hupewa jukumu la kumwondoa, na nchi nyingi hulitoza faini juu yake. Ndiyo sababu karani wa tikiti huikagua pasipoti kwa makini kuliko askari. Huangalia kama imebakiza miezi sita, sharti ambalo nchi nyingi huliweka, Kenya ikiwa mojawapo. Nchi za Schengen hutaka miezi mitatu baada ya tarehe ya kuondoka, na pasipoti iwe imetolewa katika miaka kumi iliyopita. Huangalia tikiti ya kurudi. Kwa baadhi ya nchi huangalia pia kadi ya chanjo ya homa ya manjano, ambayo huanza kufaa siku kumi baada ya kuchanjwa na ambayo, tangu Julai 2016, hudumu maisha yote ya mwenyewe hata kama kadi yenyewe inasema miaka kumi.

Maswali manne na majibu yake

Sasa nije katika sehemu iliyonisukuma kuandika. Wasafiri wetu wengi hujibu kwa Kiingereza, lakini hufikiri kwa Kiswahili. Wengine hujibiwa na mkalimani. Katika hali zote mbili maneno manne au matano hurudi tena na tena, na kila moja lina upana ambao swali halikuutarajia.

La kwanza ni kutembea. Mswahili akiulizwa amekuja kufanya nini, jibu la kiungwana na lililo kamili ni "nimekuja kutembea". Hakuficha kitu. Amesema hana biashara, hana ugomvi, hakuja kuomba. Amekuja kuwaona watu. Likifasiriwa kwa neno la kwenda kwa miguu, afisa husikia upuuzi. Likifasiriwa kuwa utalii, ataulizwa ni vivutio gani atakavyovitazama, na mama wa watu hajui hata kimoja kwa kuwa amekuja kumwona mjukuu. Tafsiri iliyo sawa ni kuzuru jamaa, na mkalimani mwema hana budi kuuliza, "Kumtembelea nani?", kabla ya kufungua kinywa kwa lugha ya pili.

La pili, na ndilo lenye madhara makubwa zaidi, ni kazi. Kwetu kazi ni shughuli yoyote yenye kumshughulisha mtu. Mhadhiri anayekwenda kusoma makala katika kongamano husema "nina kazi kidogo huko", na mwanafunzi anayekwenda kupekua nyaraka za maktaba husema vivyo hivyo. Lakini mbele ya afisa neno hili lina maana moja tu: ajira, na ajira hutaka kibali cha namna nyingine kabisa. Nakumbuka nilipokuwa masomoni ng'ambo, mwenzetu mmoja aliyekuja kwa mkutano wa siku tatu aliwekwa chumba cha pembeni kwa saa kadha, katika uwanja wa ndege ambao sina haja ya kuutaja, kwa sababu alijibu swali la kwanza kwa neno hili moja. Barua ya mwaliko ilikuwa mfukoni mwake muda wote.

Mtu aweza kudhani kwamba biashara litamwokoa, kwa kuwa fomu za Kiingereza huwaweka wahudhuriaji wa mikutano chini ya neno "business". Halimwokoi. Biashara yetu ni kununua na kuuza. Mchuuzi wa mitumba na profesa hawamo katika kapu moja. Shughuli nalo lina ladha ya harusi na matanga. Kwa maoni yangu wafasiri wa fomu wangeacha kutafuta neno moja lenye kubeba yote, wakaandika tu: mkutano, mazungumzo ya kibiashara, masomo, ajira, kuzuru jamaa, utalii. Kiswahili hakioni haya kutaja vitu kimoja kimoja.

Kukaa ni neno la tatu. "Unakaa wapi?" huuliza juu ya maskani ya mtu, na "utakaa wapi?" huuliza juu ya kitanda cha usiku wa leo, kitenzi ni kimoja. Msafiri anayesema kwa Kiingereza cha kufasiri kwamba "ataishi" London majuma mawili amejipalia makaa, maana aishiye mahali hakuja kutembea. Hapa lugha yetu ina dawa ambayo fomu hazijaitumia ipasavyo: kitenzi kufikia. "Umefikia kwa nani?" ni swali analolijua kila mtu kuanzia Lamu hadi Kilwa, nalo lina maana ya makao ya mgeni na si ya mkaazi. Fomu ikiuliza "mahali utakapofikia" badala ya "anwani ya makazi", mashaka yanakwisha. Kuhusu muda, tuseme siku za kukaa na tuzihesabu kama wahesabuvyo wao. Katika nchi za Schengen ni siku 90 katika kila 180, siku ya kuingia na siku ya kutoka zote zikihesabiwa. Tangu tarehe 12 Oktoba 2025 nchi hizo zilianza kuacha kupiga muhuri, zikachukua alama za vidole na picha ya uso, hivyo mgeni hana tena wino wa kumkumbusha.

Nne ni ndugu. Msafiri anasema anapokewa na ndugu yake. Afisa anaandika kaka. Anatazama fomu ya viza na kuona wazazi ni mbalimbali, jina ni jingine, hata kabila si moja. Kwa afisa huu ni uwongo. Kwa msafiri ni ukweli mtupu, kwani mtoto wa mama mdogo ni ndugu, na mtu wa kijiji kimoja ni ndugu, na aliyesoma naye dawati moja naye ni ndugu. Baba mdogo hupatwa na masaibu hayo hayo, akageuzwa baba wa kambo. Wazee wetu walijua kuuliza "ndugu wa tumbo moja?", nami naona swali hilo lifundishwe kwa kila mkalimani kabla ya kanuni yoyote ya nadharia.

Lipo jambo jingine ambalo si la neno bali la adabu. Mtu akiulizwa atarudi lini, kusema tarehe peke yake ni kama kujifanya mmiliki wa kesho. Ataanza na "Mungu akipenda" au "inshallah". Afisa asiyeijua ada hii husikia shaka: huyu hana hakika kama atarudi. Sitamshauri mtu aiache dini yake foleni. Namshauri atangulize tarehe, na dua ifuate.

Jina katika mashine

Imebaki pasipoti yenyewe, ambayo ni maandishi na inafaa tuisome kama wasomaji. Chini ya ukurasa wenye picha kuna mistari miwili, kila mmoja una alama 44, iliyopangwa kwa kanuni za Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga katika waraka wake nambari 9303, uliotolewa kwa mara ya kwanza mwaka 1980. Mistari hiyo inakubali herufi A hadi Z, tarakimu, na alama < ya kujazia nafasi. Ritifaa haimo. Kanuni yasema iondolewe na herufi ziunganishwe.

Kwa Mfaransa hasara ni ndogo. Kwetu ritifaa ni fonimu. Ng'oa ni kung'oa mti na ngoa ni wivu; tunawafundisha watoto jambo hili mapema. Ng'ang'a huingia katika mashine kuwa NGANGA, na Ng'eno kuwa NGENO. Jina la Kijaluo Nyong'o huwa NYONGO, ambayo kila msomaji wa Kiswahili anajua iko karibu na ini. Kejeli hiyo tungeivumilia. Shida hasa ni kwamba katika ukurasa huo huo, sehemu ya juu, ritifaa yaweza kuwapo, na fomu za kuombea idhini mtandaoni nyingine huikataa, nyingine hutaka nafasi mahali pake, na msafiri akajikuta ana majina matatu: la cheti cha kuzaliwa, la tikiti na la idhini. Kanuni ya kutenda ni rahisi: katika tikiti na fomu fuata mistari miwili ya chini, herufi kwa herufi.

"Jina la ukoo" ni tafsiri nyingine ninayoitilia shaka. Fomu hutaka jina la mwisho lililoandikwa katika pasipoti. Lakini Ali Juma Hamisi hana jina la ukoo katika hayo matatu. Juma ni baba yake na Hamisi ni babu yake. Akiwa na nisba, mathalani Mazrui au Nabhany, hiyo ndiyo hasa ya ukoo, na akiwa mtu mkweli ataiandika hiyo, ingawa haimo katika pasipoti. Mwanawe ataitwa kwa jina la mwisho la Juma, si la Hamisi, na mama yake mtoto ana babu yake mwingine. Hivyo mama na mwana husimama mbele ya kioo wakiwa na "koo" mbili, na afisa, ambaye amefundishwa kuwalinda watoto wasiibwe, hutaka cheti cha kuzaliwa na barua ya ridhaa ya baba. Mama hana budi kuvichukua. Na mfasiri wa fomu angeandika "jina la mwisho katika pasipoti", basi, akaliacha suala la ukoo kwa wenyewe.

Mabadiliko haya yanawezekana. Katiba ya Kenya ya 2010 imekifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi pamoja na Kiingereza, na mwaka 2021 wakuu wa Jumuiya ya Afrika Mashariki walikiingiza miongoni mwa lugha rasmi za Jumuiya. Raia wa Kenya, Uganda na Rwanda wamekuwa wakivuka mipaka baina yao kwa vitambulisho tangu 2014, yaani kwa kile ambacho Wakenya bado hukiita kipande, neno la ile karatasi waliyolazimishwa wanaume Waafrika kuivaa shingoni ndani ya kijibweta cha chuma kwa sheria ya 1915. Mipakani humo afisa na msafiri mara nyingi huzungumza Kiswahili moja kwa moja, bila mkalimani. Hapo ndipo pa kuanzia kuyajaribu maneno haya, na fomu ya kwanza ya kurekebishwa ni ile inayouliza "jina la mwenyeji wako". Mwenyeji ni anayempokea mgeni, na mwenyeji vilevile ni mzaliwa wa mahali. Mkenya anayefikia Kampala kwa Mkenya mwenziwe aandike nini? Naona tuandike "mtu utakayefikia kwake".